Jicho la Jerusa

Wiki chache zilizopita, mvua kubwa ilipokatika, jirani yetu hapa Kyambogo, Kampala, alipitisha ng'ombe wake mbele ya geti langu. Nilikuwa nimekaa kizingitini nachagua mchele. Ng'ombe alikuwa amelowa mpaka chini ya tumbo, na harufu yake ikanifikia kabla sijainua macho: manyoya mabichi, matope, samadi, na utamu fulani wa maziwa nyuma ya yote hayo. Ungo ukaniponyoka. Mume wangu akauliza nina nini, nikamwambia ni presha. Presha ninayo kweli, daktari ameiandika, lakini siyo iliyomwaga mchele. Huo ndio mtindo wangu wa uongo tangu utotoni: sisemi jambo lisilowezekana.

Nyinyi wa rika langu mliokulia upande wa Kibuli mtakumbuka kilima chetu na bonde lake. Juu msikiti, shule, hospitali, na nyumba zetu za matofali zenye baraza. Chini, ukivuka reli, vibanda vya mbao na mabati vilivyobanana hadi ukingoni mwa mfereji mkubwa, na ng'ambo ya mfereji viwanda na maghorofa ya Bugolobi. Sisi wa juu tulizungumza Kiswahili nyumbani kwa sababu mababu zetu walikuja na biashara kutoka pwani, na kwa hilo tu tulijiona watu hasa. Watoto wa bondeni walituita watoto wa Shehe na kutuigiza tunavyosema. Tuliwacheka, walitucheka, na jioni tulicheza pamoja.

Baba yangu alikuwa na duka la mchele, tende na viungo, na alasiri alisomesha watoto Kurani barazani. Watu walimwita Mwalimu. Lakini kilichomfanya ajulikane mpaka bondeni kilikuwa kisu chake. Mnajua Kampala ilivyo: mnyama wa kuuzwa au wa shughuli hutafutiwa Mwislamu amchinje, hata mwenyewe akiwa Mkristo wa kanisani kila Jumapili, ili mgeni yeyote akikaribishwa asiikatae sahani. Kwa hiyo Baba aliitwa kwenye harusi, kwenye matanga, kwenye ubatizo. Krismasi alikuwa na kazi nyingi kuliko Idd, na Mama alimtania kwamba imebaki apewe kiti mbele karibu na padri.

Mmoja wa waliomjua vizuri alikuwa Mama Nekesa, Mluhya kutoka upande wa Bungoma, Kenya. Mumewe alikuja Kampala kulinda kiwanda, akafa, na yeye akabaki bondeni na ng'ombe mmoja mweusi mwenye baka jeupe usoni. Alimwita Jerusa. Sisi watoto tulivunjika mbavu, ng'ombe kupewa jina la mtu, lakini Mama Nekesa hakucheka. Alisema kwao ng'ombe anayelea mtoto huitwa kama mwanamke mwingine yeyote. Na kweli Jerusa alikuwa akilea: Nekesa, binti wa umri wangu ambaye sikuwa nimemwona hata siku moja, alisoma shule ya bweni huko Kenya, na maziwa ya Jerusa ndiyo yaliyomweka huko. Kila asubuhi mama yake alipanda kilima na kopo lake, akatupimia maziwa na kutupa habari. Nekesa amekuwa wa tatu. Nekesa amekuwa wa kwanza, amepewa kamusi. Nilimchukia Nekesa kidogo, nawaambia ukweli.

Msimu ninaousimulia Jerusa alikuwa amekauka maziwa, tumbo limejaa, anangoja kuzaa. Mama Nekesa alipanda mikono mitupu kutusalimia tu, akituambia tuvumilie, mwezi ujao tutakunywa tena.

Kisha ikaja tufani. Mvua tunazijua, Kampala hatuogopi mvua, lakini upepo wa namna ile sijausikia tena maishani. Uling'oa mabati ya madrasa na kuyatupa makaburini. Tulilala wote chumba kimoja, Baba akisoma, Mama akishika vichwa vyetu. Kulipopambazuka nilitoka barazani na sikuliona bonde. Kulikuwa na maji ya rangi ya chai, na juu yake paa, paa, paa, na kutoka huko chini ikapanda sauti ambayo kwanza nilidhani ni ya watu. Ilikuwa ya wanyama.

Baba alirudi kutoka msikitini, akavaa gambuti, akakifunga kisu kwenye kitambaa na kukichomeka kiunoni. Nikamng'ang'ania nikitaka kwenda naye. Mama alikataa katakata, mtoto wa kike wa miaka tisa aende kufanya nini kwenye maji machafu. Baba akasema, "Mwache aje. Ana mbio, atanifaa." Nilijiona nimekua mpaka mawinguni.

Chini tuliwakuta watu wakitembea ndani ya maji hadi kiunoni, kamba mabegani, wakitoa wanyama. Mbuzi wanne walikuwa wamesimama juu ya paa la kibanda cha chapati, wamepanga mstari kana kwamba wanangoja kuhudumiwa. Kuku walikuwa kwenye nyaya za nguo. Nguruwe mmoja mkubwa alikuwa amepanda baraza la duka la Mwislamu mwenzetu, amelala mlangoni, na mwenye duka amesimama ndani ya maji akimwomba kwa adabu ashuke. Tulicheka. Nakumbuka kwamba asubuhi ile tulicheka, na kwamba hapohapo nikamwona mbuzi wa kwanza aliyekufa. Alikuwa amefungwa kwenye kigingi, kamba fupi, kichwa kiko chini ya maji na kamba bado imekaza. Wenyewe walikimbia gizani na watoto wao, hawakupata nafasi ya kufungua. Wengi walikufa hivyo siku ile, kwa kamba zao wenyewe.

Kazi ilikwenda kwa mpango. Wanyama wenye nguvu walipelekwa juu kwenye uwanja wa shule. Waliolegea walilazwa kwenye tuta la reli, na hao walikuwa wa Baba. Mnyama akifa mwenyewe ni mzoga, hauliwi na hauuziki, mwenye mali amepoteza vyote. Kisu kikimkuta bado yu hai, angalau nyama inabaki. Kwa hiyo kila upande watu walikuwa wakipiga kelele, "Shehe, wahi huyu! Shehe, wahi!" Na Baba alikuwa akikimbia na kuinama, Bismillahi Allahu akbar, akikimbia tena.

Sasa sikilizeni akili ya mtoto. Sikuona kwamba kulikuwa na kuokoa upande mmoja na kuchinja upande mwingine. Kwangu mimi yote yalikuwa kuokoa. Kamba iliokoa wengine, kisu cha Baba kiliokoa wengine, na waliokuwa wamepotea kabisa ni wale wa majini tu, waliokufa bila kutajiwa jina la Mungu. Nilidhani hao Mungu hawezi kuwajua. Nilimwona Baba kuwa mwokoaji mkuu wa bonde lote, na mimi msaidizi wake.

Alinifundisha kazi yangu kwa beberu aliyekuwa amelala ubavu. Alikishika kidole changu na kukigusisha kwenye kona ya jicho la yule mnyama. Lilikuwa baridi na laini, na kope ikajifunga juu ya kidole changu. Niliruka.

"Usiogope," Baba alisema. "Ukigusa hapa, akapepesa upesi, huyo ana nguvu, waache wavute. Akipepesa polepole kama mtu mwenye usingizi, nikimbilie mbio. Asipopepesa kabisa, usinisumbue, huyo ameshakwenda. Umeelewa, Zuhura?"

"Nimeelewa, Baba."

"Uguse. Usitazame tu. Macho ya mnyama hudanganya."

Nilielewa. Sitaki mtu anitetee kwamba nilikuwa mtoto sikuelewa. Baada ya hapo nilitumwa mara tatu kwa wanyama wadogo, na mara zote tatu nilisimama hatua mbili mbali nao, nikatazama, nikarudi na jibu. Ile kope ya beberu ilikuwa bado iko kwenye kidole changu. Majibu yangu yote matatu yalikuwa sahihi, kwa bahati, na Baba akanisifu mbele ya watu.

Saa nne hivi tukafika kwa Jerusa. Alikuwa ukingoni mwa mfereji, amezama kwenye tope hadi tumboni, miguu yote minne haionekani. Ssalongo, yaani baba wa mapacha, fundi seremala Mganda aliyekuwa jirani yake, alikuwa na wenzake watano wamemfunga kamba na kuvuta tangu alfajiri. Mama Nekesa alikuwa amekaa kwenye tope, kichwa cha ng'ombe mapajani, anamwimbia kwa Kibukusu, lugha ya kwao, kwa ile sauti yake nzito. Alipomwona Baba, hakusalimia.

"Mwalimu, mimi nitaenda ng'ambo, huko Bugolobi kwa makampuni. Wako na lori ya mnyororo. Na nitafute daktari ya ng'ombe. Nyinyi mnikalie naye."

"Nenda, mama. Tuko hapa."

Akainuka, akarudi hatua mbili. "Na akianza kuenda, usiningoje. Unasikia, Mwalimu? Usimuache akufe bure. Fanya tu ile kazi yako. Lakini awe anaenda kweli."

"Nimekusikia."

"Awe anaenda kweli," alirudia, na akashika njia ya daraja.

Ssalongo akamwambia Baba kwamba kamba peke yake haitoshi, tope linamnyonya. "Mimi ninaenda toa mbao ya ile ukuta imeanguka. Tunaweka chini ya tumbo, tunainua kidogo kidogo. Huyu bado ana maisha, maskini bambi, tena mzuri sana." Wakaondoka wote sita. Kutoka upande wa reli mtu alikuwa tayari anamwita Baba, kondoo watatu, awahi. Baba akanitazama, akatazama ng'ombe.

"Kaa na Jerusa. Unajua la kufanya."

Nilibaki mimi, na ng'ombe, na watu wasio na kazi waliokuwa wamesimama juu kwenye njia kutazama. Mwanzoni Jerusa alikuwa na kichwa juu. Alipumua kwa kishindo, mvuke unatoka puani. Nilimwambia maneno, sikumbuki yapi. Nadhani nilimwambia habari za Nekesa, kwamba amekuwa wa kwanza. Mvua nyepesi ikaanza tena. Kisha, taratibu, ng'ombe akageuza shingo, akakilaza kichwa ubavuni mwake, na akafumba macho.

Mimi ni mtoto wa duka. Ng'ombe nilimjua kwenye kopo la maziwa na kwenye ndoano ya bucha. Sikuwa nimemwona ng'ombe akilala usingizi, sikujua kwamba ndivyo wanavyolala, kichwa kimekunjwa ubavuni. Jerusa alikuwa amechoka usiku kucha, na sasa, kuvutwa kumekoma, amepata nafasi ya kusinzia. Mimi niliona kifo. Mtu mmoja juu ya njia akasema, "Imekwisha hiyo," na mwingine akauliza nyama itauzwa hapahapa au itapelekwa juu.

Nilijua la kufanya. Nilishuka ndani ya tope mpaka magotini, nikanyoosha mkono. Jicho lake lilikuwa kubwa mno. Kulikuwa na ute kwenye kona, na inzi wawili, na kope ndefu nyeupe upande wa lile baka. Mkono wangu ulifika karibu hata nikahisi joto la uso wake, na hapo ukagoma. Nikajaribu tena. Ukagoma. Nikawaza, nikichelewa atakuwa mzoga, Mungu hatamjua, Mama Nekesa atasema tulimwacha afe bure. Nikageuka na kukimbia.

Nilimkuta Baba ameinama juu ya kondoo wa tatu. "Baba! Jerusa! Anakwenda!"

Alisimama. "Umemgusa?"

"Nimemgusa."

"Amepepesaje?"

"Polepole," nikasema. "Kama mwenye usingizi."

Neno lilitoka laini, bila kujikwaa. Baba hakuuliza tena, alishika njia mbio, kanzu imekunjwa kiunoni, na mimi nyuma yake, watu wanatupisha. Niseme aibu yangu yote: katika mbio zile nilikuwa na furaha.

Alipofika alimkuta kama nilivyosema, kichwa ubavuni, macho yamefumbwa. Watu wa juu ya njia wakapiga kelele, "Wahi, Shehe! Leta kisu, inakufa!" Akaingia kwenye tope hadi mapajani. Hakukuwa na namna ya kumgeuza ng'ombe kuelekea kibla, akamgeuza shingo tu, akakikumbatia kile kichwa kwa mkono wa kushoto kama anavyokumbatiwa mgonjwa anayenyweshwa maji. Akataja jina la Mungu na akakata.

Jerusa akasimama.

Kamba na wanaume sita hawakumweza tangu alfajiri, naye akainuka peke yake, koo limeshafunguliwa. Miguu ya mbele ilitoka kwenye tope kwa mlio ambao bado ninaujua. Alinyanyua kifua, akapiga hatua moja kuelekea ukingoni, akapiga ya pili. Damu ilitoka kwa nguvu ikampiga Baba usoni na kifuani. Kisha magoti yakakunjika, akaanguka mbele, sasa nusu yake ikiwa nje, mahali pakavu, palepale walipokuwa wakitaka kumfikisha. Alipiga teke kwa muda mrefu. Mmoja wa wale waliokuwa wakipiga kelele akasema kwa sauti ndogo, "Eh. Hii ilikuwa na nguvu."

Baba alinitazama. Uso wake ulikuwa mwekundu wote isipokuwa macho. Nikatazama gambuti zangu.

Ssalongo na wenzake walitokea na mbao mabegani. Walisimama. Ssalongo aliiweka mbao yake chini polepole. "Mwalimu, lakini kwa nini? Sisi tayali tumepata mbao. Tayali kabisa." Baba akainama, akakiosha kisu kwenye maji ya mfereji.

Mama Nekesa alikuja nusu saa baadaye, nyuma ya bodaboda, na daktari wa mifugo nyuma ya bodaboda nyingine. Lori lilikuwa limekubali, alisema kabla hajashuka, linazunguka kwa daraja la juu. Kisha akaona. Alitembea mpaka kwa ng'ombe wake, akachuchumaa, akamshika sikio.

"Alikuwa anaenda?" alimwuliza Baba.

Mimi nilikuwa nimesimama katikati yao. Ningeweza kusema hapo. Baba alingoja, nadhani alikuwa akiningojea mimi, na nilipokaa kimya akasema, "Niliona anakwenda, mama. Nisamehe."

"Basi," alisema Mama Nekesa. "Basi, Mwalimu. Ulifanya kile nilikuambia."

Daktari aliweka mkono tumboni mwa Jerusa, akauacha hapo kitambo, kisha akauondoa na kwenda kunawa. Wachuna ngozi walipomfungua walimtoa ndama, jike, mwenye baka jeupe usoni kama la mama yake. Mtu akamwuliza Baba kama naye analiwa, maana kwa sheria yetu kuchinjwa kwa mama ni kuchinjwa kwa aliye tumboni. Baba alijua jibu kuliko wote pale. Akasema azikwe. Mama Nekesa alivua leso yake kichwani akamfunika, na Ssalongo akachimba shimo kwa ile mbao yake.

Jioni, baada ya magharibi, Baba aliniita barazani. Alikuwa ameoga mara mbili na bado kulikuwa na damu ndani ya sikio lake. Hakuwa ameshika fimbo.

"Zuhura. Ulimgusa?"

"La."

Aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa bei anayoijua. "Mimi pia sikumgusa," alisema. "Nilikuwa na mkono huu hapa, na jicho lake lilikuwa hapa. Kisu kilikuwa changu, kosa ni langu, na nitamwambia. Lakini la kwako utalisema wewe. Kesho asubuhi tunashuka, na utamwambia kwa mdomo wako. Hatakupiga. Na hata akikupiga."

Nililia, nikaahidi. Nilikuwa nimedhamiria kweli.

Asubuhi tulimkuta Mama Nekesa nje ya chumba chake, anaosha kopo la maziwa lisilo na maziwa. Maji yalikuwa yameshuka na kuacha tope kila mahali. Alituwekea ubao tukalie, akatuletea chai ya rangi, na akaomba radhi. "Mtakunywa strungi tu leo. Mimi, kukaribisha mtu na strungi! Hiyo sijawahi." Baba akapokea kikombe, akasema aliyokuja kusema, kwamba hakumwangalia mnyama kwa mkono wake kama ilivyompasa, kwamba anaogopa alimkata mwenye uhai, kwamba kosa ni lake. Mama Nekesa alikataa. "Hapana, Mwalimu. Ni mvua. Usijitwike mvua." Baba akainamisha kichwa. Kisha akanigeukia, akangoja.

Nilifungua mdomo. Na yule mwanamke, kabla sijatoa sauti, akaweka kopo chini, akanishika mikono yote miwili na mikono yake ya sabuni.

"Na wewe mtoto. Watu wameniambia. Ati ulikaa na Jerusa kwa mvua, peke yako, ukimuongelesha. Ati uliingia kwa matope kumgusa jicho. Mtoto wa watu wasiofuga! Nekesa wangu hangeweza, anaogopa hata kumkamua." Machozi yalikuwa yakimtoka sasa, ya kwanza niliyoyaona. "Kama si wewe kukimbia, ningepoteza hata nyama. Mungu akubariki. Nitamwandikia Nekesa nimwambie ako na dada huku."

Baba alikuwa bado anangoja. Nilihisi kungoja kwake ubavuni mwangu. Kuku alipita, akadonoa tope, akaenda zake. Mikono ya Mama Nekesa ilikuwa moto na haikuniachia.

"Asante, Mama," nikasema.

Nikanywa chai yangu yote. Ilikuwa na sukari nyingi.

Wakati wa kupanda kilima Baba alitangulia. Siku zote alikuwa akinishika mkono tukivuka reli. Siku ile alivuka, akasimama upande wa pili akiangalia pembeni mpaka nikavuka mwenyewe.

Muhula uliofuata Nekesa alikuja Kampala, si kwa likizo. Alipata kazi kwenye maghorofa ya Bugolobi, kubeba mikoba ya watoto wa mwenye nyumba hadi kwenye basi la shule na kufua sare zao. Alikuwa mdogo kuliko nilivyomfikiria, mwenye meno yaliyoachana, na aliponiona mara ya kwanza alinikimbilia na kunikumbatia kwa sababu mama yake alikuwa amemwandikia. Niliendelea na shule. Nilikuwa wa saba, wa tisa, si mbaya. Baba alimpelekea Mama Nekesa unga na sukari kila mwezi hadi walipohama kurudi Kenya, na kisu alimpa mtu mwingine wa msikitini. Alipoitwa alisema mkono wake umekuwa dhaifu. Mpaka leo sijamwandikia Nekesa, na anwani ninayo.

Baba hakunionea kamwe. Alinisomesha, akaniozesha vizuri, akanibebea watoto wangu mgongoni. Hakunitajia Jerusa tena. Ila nikimwambia chai imechemka, aliinuka kwenda kutazama. Nikimwambia mlango nimefunga, nilisikia kandambili zake zikielekea mlangoni. Hakufanya kwa hasira, na sidhani alijua kwamba anafanya. Mama alimcheka, akasema ni uzee. Nilikuwa na miaka thelathini na mbili, mwalimu wa shule, mke wa mtu, na bado nikileta habari yoyote nyumbani mwa baba yangu ilienda kuhakikishwa.

Alipougua ugonjwa wake wa mwisho hakuweza tena kuinuka. Siku moja mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, na yeye mvua zilikuwa zinamtia wasiwasi, alikuwa akiuliza kila mara. Ilipokatika nikainama sikioni mwake. "Baba, imeacha. Jua limetoka." Baba akamtafuta kwa macho binti yangu, aliyekuwa amekaa miguuni mwa kitanda, miaka yake tisa.

"Mjukuu wangu," alisema, "hebu katoe mkono dirishani unitazamie."

Mtoto akaenda. Akafungua dirisha, akanyoosha mkono nje, akauacha huko kitambo akiugeuza kiganja juu na chini. Akarudi akamwonyesha, mkavu.

"Imeacha, Babu."

"Alhamdulillahi," akasema Baba, na akafumba macho.